Mabaki ya mpingo yasigeuzwe kuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa kusini tumeliona mara nyingi hata tumelizoea, nalo ni kuchomwa kwa mabaki ya mpingo kama kuni. Nimefundisha useremala kwa zaidi ya miaka thelathini na sasa nimestaafu, na katika muda wote huo sijapata kuona mti unaosifiwa mno katika hotuba na kudharauliwa mno jikoni kama huu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni sufuria ya maharage. Karibu na kituo cha mabasi hapa Lindi yuko mama lishe ambaye hununua kuni kwa mkokoteni, na asubuhi moja nilipokwenda kunywa chai niliona katikati ya mafiga yake vipande vyeusi vyenye pembe zilizonyooka, dhahiri kwamba vilikwishapita kwenye msumeno wa mashine. Nilipomuuliza alikovipata aliniambia kwamba vinatoka kwenye kiwanda kimoja cha kuchana mbao, kwamba mkokoteni mzima anauziwa kwa bei ile ile ya kuni za mwembe, na kwamba yeye mwenyewe havipendi kwa sababu vinachelewa kushika moto, lakini vikishashika vinaunguza chakula kabla hajageuka. Nilimwomba kipande kimoja. Akanicheka, akanipa viwili.

Kimojawapo kilikuwa na urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 6 na unene wa sentimita 5, yaani sentimita za ujazo 600 kamili. Nilikipeleka kwa muuza dagaa mwenye mizani, ikaonyesha gramu 740. Maji ya ujazo huo yana uzito wa gramu 600, na mninga mkavu wa ujazo huo, ambao ndio mti wa heshima kwa milango na vitanda katika nyumba nyingi za Tanzania, hauzidi sana gramu 380. Nilikitia kwenye ndoo ya maji nikasikia kikigonga chini. Wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka kwamba ndivyo nilivyokuwa nikianza somo la mpingo kila mwaka, kwa ndoo na vipande viwili, kwa sababu kijana aliyezoea kuona mbao zikielea hasahau siku anayoona mti unazama, na akishaliona hilo mengine yote kuhusu mpingo huyaelewa bila taabu.

Maana uzito huo ndio chanzo cha sifa zake karibu zote. Meta moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina kilo 1,200 na zaidi. Nyuzi zake zina kuta nene, na vijitundu ambavyo katika miti mingine hubaki wazi, katika moyo wa mpingo vimezibwa kwa gundi na mafuta meusi ya mti wenyewe. Kwa hiyo maji hayana njia nyepesi ya kuingia wala kutoka, na ubao ambao haunywi maji haraka hauvimbi wakati wa masika wala haunywei wakati wa kiangazi kwa kiasi cha kumsumbua fundi. Ukitobolewa tundu, tundu hilo hubaki na kipenyo chake. Ukichongwa hesi za skrubu kama chuma, hesi hizo hushika. Mchwa huula kwa shida, na ukisuguliwa kwa msasa laini kisha kwa kitambaa hung'aa wenyewe bila vanishi, jambo ambalo sijaliona katika mbao nyingine yoyote niliyowahi kuishika.

Fikiria sasa klarineti, ala ya muziki ambayo ni bomba linalopulizwa kwa pumzi yenye unyevu kwa saa nyingi, huku nje yake kukiwa na vinara vidogo vya chuma vilivyosokomezwa kwenye mti kwa hesi ili vibebe vitufe vinavyopaswa kufunika matundu bila kuvujisha hewa hata kidogo. Mti ukivimba kwa unene wa unywele tu, sauti huharibika. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 klarineti nyingi za Ulaya zilitengenezwa kwa mti wa kwao wa rangi ya manjano. Vitufe vilipoongezeka na mahitaji ya usahihi kukua, mafundi wakahamia kwenye miti mizito ya nchi za joto, na hatimaye mpingo ukawashinda wenzake wote. Leo klarineti za wapigaji wa kulipwa, obo ambayo ni ndugu wa zumari letu, filimbi ndogo za okestra, na zumari za mfuko za Uskoti hutengenezwa kwa mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka katika misitu ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wafanyabiashara wa Ulaya huuita grenadila, na ndiyo maana mpigaji wa Paris anaweza kushika kipande cha Nachingwea maisha yake yote asijue kwamba kina jina la Kiswahili.

Nifungue mabano kidogo kuhusu majina, kwa kuwa waandishi wa magazeti yetu hukosea mara kwa mara wanapoandika kwamba mpingo ni abunusi. Kwa wataalamu wa mimea abunusi ya kweli ni jamii nyingine kabisa, ndugu za mti unaozaa matunda yaitwayo kaki, ilhali mpingo ni wa jamii ya kunde, una maganda membamba kama karatasi, na mizizi yake hurutubisha udongo kama ifanyavyo mizizi ya maharage. Hata hivyo kosa hilo lina historia ya kuchekesha. Neno abunusi lilitufikia kutoka Kiarabu, Waarabu walilipokea kutoka Kigiriki, na Wagiriki walilichukua kwa Wamisri wa kale. Na wataalamu waliochunguza samani za makaburi ya Wamisri hao wamegundua kwamba mti waliouita hivyo, wakauagiza kutoka kusini mwa nchi yao, ulikuwa mpingo. Kwa hiyo anayeuita mpingo abunusi amekosea kwa mujibu wa wataalamu wa leo, lakini Farao angemwelewa.

Narudi kwenye mafiga. Msomaji atauliza: kama mti huu una thamani hiyo, kwa nini kiwanda kiuze vipande vyake kwa mkokoteni? Jibu liko katika umbo la mti wenyewe. Mpingo haunyooki kama msaji wa mashambani. Mara nyingi huota mashina mawili matatu kutoka kisiki kimoja, una miiba, hauzidi sana meta saba katika maeneo mengi, na gogo lake lina mifereji na mikunjo kama mkono wa mzee. Nje kuna tabaka jembamba jeupe lenye kuelekea umanjano, ambalo watengeneza ala hawalitaki. Ndani mara nyingi pana tundu au uozo, hasa katika miti iliyowahi kuunguzwa na moto wa nyasi ilipokuwa midogo, na moto huo katika misitu ya miombo hupita karibu kila mwaka. Mnunuzi wa ng'ambo anataka kipande chenye nyuzi zilizonyooka, cheusi tupu, kisicho na jicho wala ufa hata wa kuonekana kwa lenzi. Matokeo yake ni kwamba gogo linapoingia kwenye msumeno, sehemu inayotoka ikiwa na sifa za kuwa klarineti mara nyingi ni karibu moja tu kati ya kumi. Tisa zilizobaki ni maganda, vumbi na vipande vya kila umbo vilivyokataliwa.

Sitaki nionekane ninamlaumu mwenye kiwanda. Amelipia gogo zima kwa meta za ujazo, pamoja na tundu lake na uozo wake, na mteja wake anamrudishia kipande kwa sababu ya ufa ambao mimi ningehitaji miwani miwili kuuona. Akikosa mtu wa kununua kilichobaki, atafanya nini zaidi ya kukichoma au kukigawa? Lawama yangu ni kwetu sisi tuliosomea ufundi, na kwa wale wanaopanga biashara ya misitu, kwa kuendelea kuutazama mpingo kwa macho tunayoutazamia mninga. Kipande cha mninga cha urefu wa kiganja ni taka, kwa kuwa mninga hutafutwa kwa milango. Kipande cha mpingo cha urefu huo huo hakijawa taka, kwa kuwa karibu kila kitu kinachotengenezwa kwa mpingo ni kidogo. Hata klarineti yenyewe huungwa kwa vipande vinavyofuatana, na hakuna kinachozidi futi moja.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya klarineti kuzaliwa. Waliutumia mpingo kwa michi ya kutwangia, kwa vitana, kwa bakora, kwa mipini ya visu na ya mashoka, kwa rungu, na wahunzi waliutaka mkaa wake kwa sababu ya joto lake. Sisi tumebakiza hilo la mwisho tu, na hata hilo tumelishusha kutoka kwa mhunzi hadi kwa maharage.

Vile vipande viwili nilivyopewa nilivigeuza mpini wa kisu cha jikoni na vitana viwili vya nywele, na nieleze nilivyofanya, kwa kuwa vijana wengi huambiwa kwamba mpingo haufanyiki kazi bila mashine za kiwanda, jambo ambalo si kweli. Kwanza nilipaka nta kwenye ncha zote mbili za kila kipande, kwa sababu mpingo hukauka polepole sana na ncha zikikauka kabla ya tumbo hupasuka. Ningekuwa na kipande kibichi ningekiweka kivulini kwa miezi kadhaa, lakini hivi vilikwisha kukaa muda mrefu kwenye lundo. Nilitumia msumeno wa mkono wenye meno madogo, nikanoa kila baada ya dakika chache, maana mpingo hula makali kuliko mti wowote na anayeendelea na msumeno butu huishia kuunguza mti na kuchoka yeye. Patasi nilizinoa kwa pembe iliyo butu zaidi kuliko ile ya mbao laini, la sivyo ncha hukatika vipandevipande. Tundu la skrubu lazima litobolewe kwanza kwa kekee, kwa kuwa skrubu ikilazimishwa hukatika shingo na msumari hupinda kama uzi. Kabla ya kutia gundi nilifuta sehemu za kuungana kwa kitambaa chenye spiriti ili kuondoa mafuta ya mti, kwani gundi juu ya mafuta haishiki. Na nilijifunga kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mpingo huwasha kifua na ngozi za watu wengine; nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyelazimika kuacha kazi hiyo kabisa kwa sababu ya upele.

Kazi yote ilinichukua siku tatu za mzee asiye na haraka. Kitana kimoja nililipwa kwa maneno, yaani binti yangu alikichukua akasema ahsante. Cha pili kilinunuliwa na mgeni aliyekuwa akipita kwenda Kilwa, kwa fedha ambazo mama lishe angenunulia mikokoteni kadhaa ya kuni. Sisemi kwamba kila kitana kitapata mgeni wa namna hiyo. Nasema tu kwamba vipini vya visu, vifungo vya nguo, shanga, pete, kete za bao na za sataranji, vishikio vya droo, vipande vya kuwekea nyuzi kwenye magitaa na vinyago vya ukubwa wa kidole vyote hutoka kwenye vipande visivyofaa klarineti, na vingi kati ya hivyo vinapendeza zaidi pale ule weupe wa nje unapoachwa ukutane na ule weusi wa ndani.

Wachongaji wa Kimakonde wamelijua hilo kwa muda mrefu. Tazama vinyago vizuri vya Mwenge jijini Dar es Salaam, ile minara ya ujamaa yenye watu waliobebana kutoka chini hadi juu, au mashetani yenye macho mahali pasipotarajiwa: mchongaji mwenye tezo na patasi hatafuti gogo lililonyooka, bali hulifuata gogo linavyotaka, na pindo ambalo kiwanda kingelikataa kwake ni goti au bega. Lakini waulizeni wachongaji hao wanapata wapi mpingo siku hizi na kwa bei gani. Wengi wamehamia kwenye miti myeupe wanayoipaka rangi ya viatu, na mtalii asiyejua kukwaruza chini ya kinyago kwa ncha ya kisu huondoka nacho akiamini amebeba mpingo. Kwa hiyo tumefika mahali ambapo mpingo bandia unauzwa kwa bei ya mpingo huku mpingo wenyewe unauzwa kwa bei ya kuni, na umbali kati ya masoko hayo mawili ni safari ya basi ya siku moja.

Wenzetu wa Kenya wametutangulia katika njia hii na inafaa tuwatazame. Wachongaji wa Kikamba walijenga biashara kubwa ya vinyago katika karne iliyopita, na mpingo ulikuwa miongoni mwa miti waliyoitegemea. Ulipoadimika kwao, ilibidi wafundishwe na wafundishane kuchonga mwarobaini, mwembe na jakaranda. Wamefanya vizuri na siwacheki hata kidogo. Lakini wao walibadili mti kwa sababu ulikwisha, na sisi tunawanyima mafundi wetu mti ambao tayari umeangushwa, umelipiwa ushuru na umebebwa hadi mjini.

Najua kuna pingamizi ambalo ofisa yeyote wa misitu atalitoa kabla hajamaliza kusoma barua hii, nalo ni zito. Ukiruhusu biashara ya mabaki, atasema, umefungua mlango kwa wezi: kesho mtu atakata mpingo mchanga wa unene wa mkono, aukate vipande, aupakie kwenye gunia na kusema ni mabaki. Pingamizi hilo ni la kweli, na sisi wa kusini hatuhitaji kukumbushwa wizi wa magogo uliotokea Daraja la Mkapa la Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na malori yakapata njia nyepesi ya kufika kwenye misitu yetu. Ndiyo maana sipendekezi mabaki yauzwe msituni wala barabarani. Yauzwe kiwandani peke yake, kwa kilo na si kwa mkokoteni, kwa stakabadhi inayotaja namba ya kibali cha magogo yaliyochanwa, na fundi asafiri na stakabadhi hiyo kama msafirishaji wa mbao anavyosafiri na hati yake. Kilo za mabaki zinazotoka haziwezi kuzidi uzito wa magogo yaliyoingia, na hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Isitoshe, kipande kilichotoka kwenye msumeno wa mashine kina uso uliochanwa, na kijiti kilichokatwa kwa panga kina gome lake. Sijui ofisa ambaye hawezi kutofautisha hivyo viwili akivishika.

Pingamizi la pili ni la sheria za kimataifa. Karibu miti yote ya ukoo wa mpingo iliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 2 Januari 2017, na wengi walidhani kuanzia siku hiyo hata kipini cha kisu hakitavuka mpaka bila kibali. Mambo hayakubaki hivyo. Mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kwamba ala za muziki zilizokamilika pamoja na sehemu zake zilizokamilika haziguswi tena na masharti hayo, na kwamba bidhaa nyingine zilizokamilika nazo haziguswi ikiwa uzito wa mti huo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10. Gogo na pande ghafi bado vinahitaji vibali. Tafakari maana yake: mkataba wenyewe umempa nafuu yule anayeuza kitana kilichokwisha kutengenezwa kuliko yule anayeuza mti mtupu, na kilo 10 za vitana si mzigo mdogo. Nafuu hiyo imekuwapo kwa miaka kadhaa, na kwa ninavyoona mafundi wetu wengi hawajawahi kuelezwa kwamba ipo.

Jambo hili linavihusu pia vijiji, na pengine ndivyo vinavyoweza kuanza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanakijiji uwezo wa kutenga misitu yao, kuisimamia na kubaki na mapato ya mauzo ya miti yake, na wilayani Kilwa jambo hilo si la vitabuni tu: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata hati ya FSC, yaani uthibitisho wa kimataifa kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, ikiwa ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Tangu hapo vijiji vingine vimefuata. Lakini kijiji kinauza gogo kwa ujazo, na habari ya gogo hilo kwa kijiji huishia pale lori linapoondoka. Kwa nini mkataba wa mauzo usiwe na kifungu kimoja kinachosema kwamba mabaki yenye urefu wa zaidi ya kiganja yatarudishwa kwa kijiji, au yatauzwa kwa bei iliyopangwa kwa vikundi vya mafundi wa wilaya? Mnunuzi hapotezi chochote alichokuwa akikihitaji. Kijiji kinapata kazi kwa vijana wake ambao sasa hupata ujira wa kukata na kupakia tu. Vyuo vya VETA vya Lindi na Mtwara vina karakana na vina walimu. Somo la kukereza vitu vidogo vya mpingo halihitaji majengo mapya, linahitaji mashine chache ndogo za kukereza, mawe mazuri ya kunolea na uamuzi wa mtu mmoja ofisini.

Nimesikia pia wale wanaosema tusijisumbue na mabaki, tupande mipingo mingi zaidi. Kupanda ni jambo jema, na kule Moshi marehemu Sebastian Chuwa alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwafundisha watu kuotesha miche ya mti huu. Lakini mpingo hutumia miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Gogo linalochanwa leo huenda lilikuwa mche Waingereza walipokuwa bado wanatawala hapa, na mche utakaopandwa leo utavunwa na watu ambao wazazi wao hawajazaliwa. Kwa mti wa namna hiyo, njia ya haraka zaidi ya kupata mpingo zaidi ni kuacha kuchoma ule ambao umekwisha kukatwa. Kama vipande tisa kati ya kumi vinapotea na tukaokoa viwili tu kati ya hivyo, tumeongeza mara tatu kile tunachopata katika kila mti, na hatujaangusha hata mmoja wa ziada.

Mtu aweza kusema kwamba mama lishe naye ana haki ya kupata kuni, na mimi ndiye wa mwisho kumnyima, kwa kuwa chai yangu inategemea moto wake. Maganda, vumbi na vijipande vilivyooza vitamtosha, na vinashika moto upesi kuliko moyo wa mpingo. Tumekubaliana hivyo mimi na yeye. Kila mkokoteni unapofika, huvipindua vipande kabla ya kuvipanga, na vile vizito vyenye pembe kamili hunitengea kwenye ndoo kuukuu nyuma ya kibanda, nami humlipa kwa kumletea kuni za mkorosho kutoka shambani kwangu, kilo mbili kwa kilo moja. Wiki iliyopita alinitengea vipande kumi na vitatu. Vitatu vina ufa unaofika katikati na nimemrudishia. Kumi vimepakwa nta na vinakauka chini ya kitanda changu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa useremala,
Lindi